Ndizi za Moto kwa Saa Moja na Nusu

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kosa lilianzia hapo. Mtu akiniuliza umbali siwezi kunyamaza. Nitamtajia kilomita, za barabara na za angani, na asipoondoka mapema nitamchorea ramani mchangani kwa kijiti. Baba yangu ni Msukuma wa Usagara, mtu wa maneno machache, na anasema tabia hiyo nimeitoa kwa mama. Mama ni Mhaya. Kwa maelezo ya baba, Mhaya hujibu swali kabla muulizaji hajalimaliza, kisha huomba aulizwe jingine.

Siku hiyo mama alikuwa amekaa uani kwetu Mkolani, Mwanza, kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia ukiwa umefungwa plasta ngumu na kulazwa juu ya kigoda. Alikuwa ameteleza bombani wiki mbili nyuma. Akauliza, bila hata kunitazama, "Hivi ndege kutoka hapa mpaka Dar ni muda gani?"

"Saa moja na nusu," nikasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nikaendelea, "Yaani Mama, ukinyoosha mstari kwenye ramani, hapa na Dar hazifiki hata kilomita mia tisa. Basi ndilo linalozunguka, linakula zaidi ya elfu moja, ndiyo maana linamaliza siku nzima. Ndege haina kona. Unapanda, unapewa maji, unashuka."

"Saa moja na nusu," alirudia polepole. Kisha akaigeukia migomba yake iliyo kando ya ukuta, akaitazama kwa muda mrefu. Nilihisi kuna jambo linapikwa, ila nilikuwa nimeshajibu.

Inabidi nieleze jinsi mama anavyopima dunia. Kilomita hazimwambii kitu. Yeye hupima kwa ndizi. Ndizi zilizopikwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba, zikatoka jikoni zikiwa zinafuka, zitafika wapi kabla hazijapoa? Hilo ndilo swali lake tangu usichana. Baba alipokuwa fundi pale Mirongo, mama alimpelekea chakula cha mchana kutoka Mkolani, na kwa kipimo chake Mirongo ni mahali pa moto kabisa. Usagara kwa wakwe zake ni pa moto vilevile, ukiwahi. Bukoba kwao ni mbali mno. Tulipokuwa tukienda likizo kwa meli, tulifungasha jioni tukapanda, na kulipopambazuka karibu na bandari ya Kemondo furushi lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama alikuwa akilifungua, anatikisa kichwa na kusema, "Hata wazee wangu walihamia mbali."

Dar ilikuwa haimo kabisa kwenye kipimo hicho. Mdogo wangu wa kike alipoolewa huko, mama alilia mbele ya wageni bila haya. Watu walidhani analilia mwana kuondoka. Mimi nilikuwa karibu, nilimsikia alichosema: "Chakula changu hakitamfika tena."

Sasa mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mzazi wa kwanza kwetu huangaliwa na mama yake. Tiketi ya mama ilikuwa imeshazungumzwa kabla ya lile bomba kumwangusha. Mdogo wangu alikuwa akipiga simu kila asubuhi, sauti yake nyembamba, anasema chakula hakipiti. Shemeji alikuwa amejaribu kila kitu, kuanzia mtori hadi supu ya kuku. Hakuna kilichopita. Maziwa nayo yalikuwa yanatoka kidogo. Mama akikata simu anaitazama plasta yake mpaka baba anamletea maji ambayo hakuyaomba.

Jioni ya siku ileile aliyoniuliza habari za ndege, alitangaza uamuzi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo ningekwenda mimi. Ningekwenda na ndizi na samaki sato, zimepikwa hapa jikoni kwake, na zingefika zikiwa za moto.

"Mama, wana jiko kule. Nitafika nizipashe," nikasema.

Nadhani hata kuku uani walisimama. Mama alinitazama kama vile nimependekeza tumpe mzazi majani ya ng'ombe.

"Nyumbani mwangu mzazi hali kiporo," alisema. "Chakula kikipoa kikapashwa, hicho ni kiporo, hata ukikipasha kwa umeme. Nimekuzaa wewe, nimewazaa wenzako, sijala kiporo. Yeye naye hatakula."

"Basi tuweke kwenye hotpoti."

"Hotpoti inatoa jasho. Ndizi zinalowa. Unataka nimpelekee mwanangu uji?" Akamgeukia baba. "Umesikia? Ni saa moja na nusu tu. Usagara nimewahi kutembea muda mrefu kuliko huo na ndizi zikafika zinafuka!"

Baba alikohoa. "Zitafika baridi," akasema, akarudi kusikiliza redio yake.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilimpa mama saa za angani, naye alizichukua kama saa za kutoka jikoni kwake hadi kitandani kwa mdogo wangu. Nikaanza kujieleza. Nikamwambia kuna kutoka Mkolani hadi uwanja wa ndege, ambao uko upande wa pili wa mji. Kuna kukaguliwa, kuna kusubiri. Nilipomwambia kwamba ndege ya saa nne inamtaka abiria awe uwanjani saa mbili, alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Saa mbili nzima mnaifanyia nini? Mnaisukuma?"

Yeye alikuwa amepanga kuepua saa tatu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukaafikiana aepue saa moja na nusu asubuhi. Alikubali kwa shingo upande, akisema mimi ndiye niliyetamka saa moja na nusu na kama nimeibadilisha njiani ni juu yangu.

Siku ya safari aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alipika akiwa amekaa, mguu umenyooshwa pembeni ya jiko, mimi na baba tukitumwa huku na kule. Majani ya mgomba yalibabuliwa motoni mpaka yakalainika. Sato alifungwa peke yake katikati, ndizi zikamzunguka, kisha jani juu ya jani, kamba juu ya kamba. Furushi likavikwa khanga mbili na shuka nzito, likaingizwa kwenye kikapu chenye mfuniko. Mama akalipapasa pande zote, akaninyooshea kidole.

"Usilifungue. Hata ukisikia njaa ya kufa, usilifungue."

Hakunitakia safari njema. Baba ndiye aliyekumbuka.

Teksi ilikwenda vizuri hadi tulipokaribia Mirongo, tukakuta lori la matofali limeziba njia na madereva wote wameshuka kumshauri dereva wake. Simu ikalia. "Imefika wapi?" mama akauliza. Nikamwambia nipo Mirongo. "Sijakuuliza wewe. Nauliza ndizi." Nikaingiza mkono chini ya khanga. Moto ulikuwa mwingi, nikautoa mkono haraka. Nikamwambia ni za moto kabisa, na yeye akasema Mirongo lazima ziwe za moto, hilo halihitaji usomi.

Uwanjani kikapu kiliwekwa kwenye mizani. Dada wa pale kaunta akanieleza kwa upole kwamba ni kizito kuingia nacho ndani, kiende chini na mizigo mingine.

"Kule chini kuna baridi," nikamwambia.

"Kuna nini humo?"

Nilimweleza yote: mdogo wangu, plasta, kiporo. Wala sikujua kama ninaeleza sana, mpaka nilipoona foleni nyuma yangu imenisogelea kusikiliza. Mama mmoja akasema, "Huyo mama yako yuko sahihi kabisa," na mwingine akasema hata kwao ni hivyo. Yule dada akaniuliza kama nina mkoba mwingine wa mkononi. Nilikuwa nao, umejaa madaftari ya wanafunzi niliyopanga kusahihisha. Akasema madaftari hayapoi, yaende chini, na kikapu kiende na mimi. Sijawahi kukubaliana na mtu kwa haraka namna hiyo.

Wakaguzi nao walinusa, wakatazamana, wakakipitisha.

Kisha mvua ikashuka. Ilitoka ziwani yote kwa pamoja, nyeupe, ikafuta mawe, ikafuta maji, ikafuta hata mwisho wa njia ya ndege. Tukaambiwa ndege yetu inasubiri hali ya hewa itulie. Nilikaa nimekikumbatia kikapu kwa mikono miwili. Saa nne ikafika, ikapita. Mama alipiga simu kuuliza kama tumeshatua Dar. Nilipomwambia bado tuko Mwanza nikasikia akimwambia baba, "Bado wako hapa." Baba hakusema "nilikwambia". Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Tuliruka saa tano kasoro robo. Jirani yangu alikuwa mzee mrefu mwenye koti zito la sufu, la kwendea machungani asubuhi za baridi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, anakwenda kumwona mwanawe. Nilipomuuliza anatoka wapi akasema Usagara, na mara tu alipolisikia jina la ukoo wa baba aliachia kile kiti, akanishika mkono, akaanza kunihesabia ng'ombe wa babu yangu.

Ndege ilipokaa sawa angani, alinusa. "Mwanangu, humo ndani kuna nini?"

Nikamweleza kama nilivyomweleza yule dada. Nilipomaliza nilijua nimejiingiza matatani. Huwezi kumweleza mzee habari ya ndizi na sato, harufu imejaa mpaka viti vya nyuma, halafu usimkaribishe. Mikono yangu ikaanza kwenda kwenye mfuniko yenyewe. Mzee aliiona.

"Yaya," akasema kwa Kisukuma, yaani hapana. "Usifungue. Mzazi kwanza." Kisha akavua lile koti lake, akakifunika nalo kikapu, akalikunja pembeni kama anamlaza mtoto. Alibaki na shati, mikono yake imesimama vinyweleo kwa ubaridi wa ndani ya ndege, na nilipojaribu kumrudishia alijifanya amelala.

Hakulala muda mrefu. "Sasa tuko wapi?"

Niliulizwa swali langu. Nikamwonyesha dirishani, nikamwambia Shinyanga tumeiacha nyuma, hapa chini lazima ni Singida.

"Singida!" Akageuka kutazama nyuma, kama mtu aliyepitishwa kituo. "Mimi Singida nimelala siku mbili. Basi lilivunjika ekseli. Mama mmoja alitupa kuku na viazi, akakataa kushukuriwa. Leo nimempita juu ya kichwa, hata salamu sijampa?" Akasikitika kweli kabisa. Baada ya dakika chache nikamwambia Dodoma, akasema basi, nisimtajie tena, maana tunawapita watu wengi mno bila adabu.

Nilicheka mpaka macho yakatoka machozi. Mkono wangu ulikuwa chini ya koti, chini ya khanga, na ndizi zilikuwa za moto bado. Si kama Mirongo, ila za moto. Nilianza kuamini kwamba mama angeshinda.

Tulitua saa sita na robo. Jua la Dar lilinipiga usoni nikafurahi, nikasema moyoni kwamba kwa joto hili hata nikikaa barabarani chakula kitazidi kuiva. Mzee alikataa katakata kuchukua koti lake. "Dar, koti la nini? Utaniletea Usagara. Mwambie mzazi namsalimia." Nikampigia simu mama kumwambia tumefika Dar.

"Saa moja na nusu?"

"Angani, Mama, saa moja na nusu kamili."

"Nilijua," akasema, na nikasikia akipiga kofi paja lililo zima.

Mdogo wangu anaishi Mbezi, na watu wa Dar wanajua sentensi hiyo inamaanisha nini. Kwenye ramani ya darasani kwangu, uwanja wa ndege na Mbezi vinafunikwa na ncha ya kidole kimoja. Nilikaa ndani ya teksi nikiitazama gari ileile ya mbele mpaka nikakariri namba zake. Dereva aliniambia kuna foleni, kana kwamba nilidhani tunapumzika. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Nilipapasa chini ya khanga, nikapapasa tena, nikaacha kupapasa kwa kuwa nilihisi mkono wangu ndio unaoiba lile joto. Simu ya mama ilipolia sikuipokea. Naona aibu kulisema hilo, lakini sikuipokea. Nilikuwa na hasira na lori, na foleni, na mvua, na zaidi ya yote nilikuwa na hasira na mdomo wangu. Mtu mzima, mwalimu, nimempa mama yangu namba nusu nikaiita jibu.

Mwishowe niliiacha teksi, nikapanda bodaboda, koti la mzee nimelizungusha kikapuni, nimekikumbatia kifuani katika jua lile. Watu walinitazama. Nilifika saa nane na nusu, jasho linanitiririka mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amekonda kuliko nilivyotarajia. Mtoto alilala pembeni yake, amefunga ngumi. "Kaka," alisema, kisha akanusa. Macho yake yakaenda kwenye kikapu na hayakurudi kwangu tena.

Nikamwekea mapajani. Akafungua koti, akafungua shuka, khanga ya kwanza, khanga ya pili. Jani la kwanza lilikuwa baridi. La pili, baridi. Nilisimama pale kando ya kitanda na moyo wangu ukishuka jani kwa jani. Alipofika ndani kabisa, ndizi zikiwa za njano na yule sato katikati yake mzima mzima, nilinyoosha kidole nikagusa. Zilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hakukuwa na moshi hata uzi mmoja.

Simu yake ikalia. Akaweka sauti ya nje.

"Imefika?" Mama hajui simu za picha, ana kitochi chake, na hataki kingine.

"Imefika, Mama."

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Ni ya moto?"

Mdogo wangu akanitazama. Mnanijua: nilikuwa nimeshafungua mdomo nijibu. Aliinua kidole chake kunizuia. Kisha akamega tonge la ndizi na kipande cha sato, akaisogeza simu karibu na midomo yake, akalipuliza lile tonge. Fuu. Akasubiri kidogo, akapuliza tena. Fuu. Akalitia mdomoni.

 Nilimsikia jogoo wetu kule Mkolani. Halafu sauti ya mama ikaja, chini kabisa, "Polepole mwanangu, utaungua ulimi."

Mdomo wa mdogo wangu ulikuwa umejaa na machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Alimega tena, akapuliza, akala. Alikula kama mtu anayelima shamba lake, tonge baada ya tonge, na kila tonge alilipuliza kwanza, mpaka sato akabaki mifupa.

"Unasikia?" mama alikuwa akimwambia baba. "Anapuliza!"

"Nasikia," baba akasema.

"Kumbe Dar ni karibu tu," mama akasema, na kicheko chake kikamwamsha mtoto. Kisha akaniita mimi kwa mara ya kwanza siku nzima. "Na wewe mwalimu, jumla imekuchukua saa ngapi, kutoka hapa jikoni?"

Niliitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita saa saba na dakika zake tangu alipoepua. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kumpa mtu umbali wa uongo.

"Saa moja na nusu, Mama," nikamwambia.